Kiwanja ni cha Nani?

Liko swali moja ambalo kila mpenda mpira huliona jepesi mpaka siku aulizwapo mbele ya watu: Chama cha mpira ni mali ya nani? Ni mali ya yule atoaye fedha, ama ya wale wachezao, ama ya wale wasimamao juani kila Jumamosi wakipiga makofi? Na kiwanja wanachochezea, kikichakaa na kutaka kujengwa upya, ni nani mwenye haki ya kusema kijengwe hivi, au kihamishwe, au kiuzwe? Wengi hujibu upesi kwamba mpira ni mchezo tu, wala haufai kuwasumbua watu wazima. Sisi tulio walimu twaona vingine. Tumeona ndugu wa nyumba moja wakikosana kwa jambo hili kuliko walivyokosana kwa mpaka wa shamba. Kwa hiyo yafaa tulitazame kwa utulivu, kabla hasira hazijapanda.

Tutaanza na habari ya mbali, kisha tutarudi kwetu, kwani wenzetu wa mbali wamekwisha kupita katika njia ambayo sisi twaanza kuiingia sasa, na mwenye kutangulia aweza kutuonyesha mashimo yalipo.

Kusini mwa mji wa London, huko Uingereza, uko mtaa uitwao Wimbledon. Watu wengi wamelisikia jina hilo kwa ajili ya mchezo wa tenisi, lakini mtaa huo una chama chake cha mpira wa miguu kilichoanzishwa mwaka 1889. Tangu mwaka 1912 chama hicho kilichezea katika kiwanja kidogo kilichoitwa Plough Lane. Hakikuwa chama cha matajiri. Mpaka mwaka 1977 kilikuwa hakijaingia hata katika ligi kubwa ya nchi. Lakini mwaka 1986 kikafika daraja la kwanza, na mwaka 1988 kikachukua Kombe la FA kwa kuwashinda Liverpool bao moja kwa bila. Kitoto kilimwangusha jitu, na watu wa mtaa ule wakatembea vichwa juu.

Mwaka uliofuata, yaani 1989, msiba mkubwa ulitokea katika kiwanja cha Hillsborough, mjini Sheffield. Washabiki wa Liverpool walibanwa katika uzio, na kwa msiba huo walikufa watu 97, wa mwisho wao akifa mwaka 2021 kwa sababu ya majeraha yale yale. Jaji Taylor alipewa kazi ya kuchunguza, na katika taarifa yake ya mwaka 1990 alisema kwamba katika viwanja vya vyama vikubwa watu wasisimame tena, bali kila mtu awe na kiti chake. Neno hilo lilikuwa jema, maana lililinda maisha ya watu. Lakini Plough Lane kilikuwa kiwanja kidogo na cha zamani, na wenye chama wakasema kwamba hakiwezi kujengwa upya kwa namna iliyotakiwa. Basi mwaka 1991 wakahama, wakaenda kupanga katika kiwanja cha chama kingine, Selhurst Park, wakisema ni kwa muda tu mpaka wapate mahali pao.

Muda ule haukwisha. Miaka ikapita, na chama kikawa mpangaji katika nyumba ya jirani. Kiwanja cha Plough Lane kikauzwa, na mwaka 2002 kikabomolewa. Baadaye nyumba za ghorofa zikajengwa pale. Chama chenyewe nacho kilikuwa kimekwisha kuuzwa kwa matajiri wengine. Hao wakaona kwamba iko faida kukihamishia katika mji mwingine kabisa, Milton Keynes, ulio mbali kiasi cha kilomita 90. Tarehe 28 Mei 2002 watu watatu waliowekwa kuamua shauri hilo wakatoa hukumu yao: wawili walikubali, mmoja alikataa. Chama kikapewa ruhusa ya kuhama.

Hapa tuombe msomaji asimame kidogo. Tangu mwaka 1889 watu wa mtaa ule walikwenda mpirani na watoto wao, na wajukuu wao, wakilipa viingilio, wakinunua jezi, wakifua bendera. Walidhani kwamba chama ni chao. Walipotazama katika daftari, hawakuona jina lao mahali popote. Mapenzi yao yalikuwa ya kweli, lakini hayakuandikwa. Na jambo lisiloandikwa, mbele ya wakili huwa kama maji yaliyomwagika mchangani.

Walakini watu wale hawakukaa kulia. Mwaka ule ule wa 2002 wakaanzisha chama kipya, AFC Wimbledon. Wakatangaza kwamba mtu yeyote ajionaye mchezaji aje ajaribiwe, na watu zaidi ya 200 wakaja katika uwanda wa wazi wa Wimbledon. Wakaanza chini kabisa, katika ligi ndogo ambako waashi na makarani hucheza baada ya kazi. Katika miaka tisa wakapanda madaraja matano, na mwaka 2011 wakaingia tena katika ligi kubwa ya nchi. Lakini neno kubwa zaidi ni hili: safari hii waliandika. Chama kilikuwa mali ya jumuiya ya washabiki, na kila mwanachama, awe tajiri au maskini, alikuwa na kura moja tu.

Wasomaji wetu wasidhani kwamba baada ya hapo mambo yote yalikuwa mepesi. Walitaka kurudi kwao. Karibu kabisa na kiwanja chao cha zamani, katika njia ile ile ya Plough Lane, palikuwa na uwanja wa mashindano ya mbwa, uliofungwa mwaka 2017. Wakapata ruhusa ya kujenga pale kiwanja kipya cha watu wapatao 9,000, pamoja na nyumba za kukaa watu, ili fedha za nyumba zisaidie kujenga kiwanja. Mwishoni mwa mwaka 2019, ujenzi ukiwa umefika mbali, ikaonekana kwamba fedha zimepungua kiasi cha paundi milioni 11. Hapo ndipo mjadala ulipowaka. Wako waliosema, Tuuze sehemu ya chama kwa watu wenye mali, kwani kiwanja kisichokwisha hakimfai mtu. Wengine wakasema, Tulikwisha kuuzwa mara moja. Je, tutajiuza wenyewe mara ya pili?

Twapenda msomaji aone kwamba pande zote mbili zilikuwa na watu wema. Hapakuwa na msaliti katika chumba kile. Aliyetaka kuuza sehemu alikipenda chama, na aliyekataa alikipenda vile vile. Lakini wale waliokataa walijua kwamba kukataa peke yake hakujengi ukuta. Mwanzoni mwa mwaka 2020 wakatoa hati za mkopo, washabiki wakikikopesha chama chao fedha zao wenyewe, na kila mmoja akichagua faida atakayolipwa, tangu sifuri mpaka 4 kwa mia. Zikapatikana zaidi ya paundi milioni 5. Wako na watu wenye uwezo waliotia fedha zao, lakini hisa nyingi zikabaki katika jumuiya ya washabiki. Tarehe 3 Novemba 2020 mchezo wa kwanza ukachezwa katika Plough Lane mpya. Kwa sababu ya ugonjwa wa korona, viti vilikuwa vitupu. Watu waliongoja miaka 29 kurudi kwao wakautazama mchezo huo wakiwa majumbani.

Iko na sehemu ya habari hii isiyopendeza kusimuliwa, lakini mwalimu asomaye ukurasa mmoja na kuruka wa pili huwapotosha wanafunzi wake. Kabla ya kurudi kwao, AFC Wimbledon walikaa katika kiwanja cha Kingsmeadow, ambacho hapo kwanza kilikuwa nyumba ya chama kidogo kiitwacho Kingstonian. Chama hicho kilikuwa kimepoteza kiwanja chake kwa shida ya fedha, kikawa mpangaji. Ili wapate fedha za kujenga Plough Lane, Wimbledon wakakiuza Kingsmeadow kwa Chelsea, na mwaka 2017 Kingstonian wakatoka, wakaenda kutafuta pa kuchezea. Kadhalika na wapenzi wa mbwa walipoteza uwanja wao. Basi hata mtu aliyedhulumiwa, akipata nafuu, anaweza kusogeza machozi yake katika shavu la mwenziwe. Hatusemi hivi kuwalaumu. Twasema ili tujue kwamba katika mambo ya ardhi, kila atakapokaa mmoja, yafaa kuuliza nani ameondoka.

Sasa turudi kwetu. Hapa Tanzania mjadala huu si mgeni. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936, zote katika mji wa Dar es Salaam, na zote zilikuwa vyama vya wanachama. Kwa miaka mingi vyama hivyo viliishi kwa ada, na kwa viingilio, na kwa mkono wa tajiri wa wakati huo. Tajiri akikasirika au akifilisika, chama kilitafuta tajiri mwingine. Mwezi wa Desemba mwaka 2017 wanachama wa Simba walikutana na kukubali mfanyabiashara Mohammed Dewji awe mwekezaji, kwa shilingi bilioni 20. Serikali nayo ikatoa kanuni kwamba chama kilichoanzishwa na wanachama, wanachama wasipungue hisa 51 kwa mia, na mwekezaji asipite 49. Mwezi wa Juni mwaka 2021 wanachama wa Yanga nao wakabadili katiba yao kufuata njia hiyo. Na wakati wote huo, katika vibaraza vya Kariakoo na katika mabasi ya mikoani, watu wamebishana: mmoja asema 51 ndiyo enzi, mwingine asema enzi iko kwa mwenye kulipa mishahara.

Tena liko jambo la kiwanja. Vyama hivi viwili vyenye washabiki nchi nzima, kwa miaka mingi vimecheza michezo yao mikubwa katika viwanja vya Serikali, na hasa katika ule wa Benjamin Mkapa uliofunguliwa mwaka 2007, wenye viti 60,000. Yanga wana kiwanja chao cha Kaunda pale Jangwani, lakini bonde lile ni njia ya Mto Msimbazi, na mvua za masika zikizidi maji huingia bila kubisha hodi. Kwa hiyo watu wetu pia wamo katika swali lile lile la Wimbledon: namna ya kupata nyumba yenye heshima bila ya kuuza jina la mwenye nyumba.

Lakini huenda msomaji wetu wa kijijini akasema, Hayo ni mambo ya mijini. La, ndugu, sivyo. Katika kijiji tunakofundisha kiko kiwanja kilichofyekwa na baba zetu kwa majembe, kikazungushiwa michongoma. Upande wa mashariki, karibu na goli, maji hutuama tangu Machi mpaka Mei. Magoli ni ya miti, na nyavu hakuna. Mwaka huu mfanyabiashara mmoja, mzaliwa wa hapa aliyefanikiwa mjini, alileta shauri lake kwa mwenyekiti. Atajenga ukuta, na jukwaa lenye bati, na vyumba vya kuvalia, na upande wa barabarani atajenga maduka. Atanunua jezi na mipira, na kumlipa mkufunzi. Naye aomba kiwanja kiandikwe kwa jina lake, na timu iwe ya kampuni yake.

Mkutano uliitishwa chini ya mwembe, na sisi tukatiwa kuwa waandishi. Kijana mmoja, mchezaji hodari, aliwaamkia wazee kwa adabu, kisha akasema, "Wazee wangu, heshima ya mababu haifungi bao. Sisi twacheza pekupeku. Akija mtu kutuvika viatu, mwataka tumfukuze?" Vijana wakapiga makofi, na kwa kweli neno lake lilikuwa zito. Mzee mmoja akajibu kwa ukali kwamba ardhi haiuzwi kwa viatu. Sauti zikapanda. Ndipo mama mmoja mtu mzima, ambaye hatukupata kumwona mpirani hata siku moja, akaomba kusema. Akasema, "Wanangu, mimi sijui mpira. Nauliza neno moja tu. Ukuta ukisha kujengwa, ufunguo wa lango atakuwa nao nani?"

Watu wakanyamaza. Maana katika kiwanja kile watoto hukimbia mashindano ya shule. Na siku ya chanjo, wauguzi hutandika meza zao pale. Na msiba ukiwa mkubwa, waombolezaji hukaa pale kwa kuwa hakuna ua utoshao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba ruhusa. Mwenyekiti akatugeukia, akasema, "Mwalimu, wewe mwenye kusoma, waonaje?" Tukaomba tupewe siku za kufikiri, na mkutano ukaahirishwa mpaka baada ya mavuno. Haya tunayoyaandika ndiyo tuliyoyafikiri.

Kwanza, twaona kwamba yule mwana wa kijiji hana ubaya, wala haifai kumwita mnyang'anyi. Mtu aliyepata mali akakumbuka kwao astahili shukrani. Apewe shukrani hiyo kwa wingi: jukwaa liitwe kwa jina lake, maduka ayatumie kwa miaka itakayoandikwa, na katika kamati ya timu awe na kiti chake. Lakini ardhi ibaki ya kijiji. Wahenga walisema, Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Yeye ni mzaliwa, twakubali. Lakini je, warithi wake watakuwa watu gani? Wale waliokiuza kiwanja cha Plough Lane hawakuwa wale waliokifungua mwaka 1912.

Pili, yafaa watu wajue sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila ya idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Maana yake, jambo hili haliwezi kuamuliwa na watu watano usiku katika nyumba ya mwenyekiti. Ni la kila mtu mzima wa kijiji, mwanamume na mwanamke, hata yule asiyejua mpira. Tena makubaliano yoyote yaandikwe, yasomwe kwa sauti, na nakala iwekwe shuleni.

Tatu, na hili ndilo gumu, tusiseme "kiwanja ni chetu" kwa mdomo tu. Watu wa Wimbledon hawakupata haki ya kukataa kwa kupiga kelele. Waliipata kwa kutia mkono mfukoni. Tufanye hesabu kama tufanyavyo darasani. Zikiwa nyumba 300, na kila nyumba ikitoa shilingi 2,000 kwa mwezi, zitapatikana 600,000, na kwa mwaka ni 7,200,000. Fedha hizo hazijengi jukwaa la bati, wala tusidanganyane. Lakini zaweza kuchimba mfereji wa kutoa yale maji ya mashariki, na kununua nyavu, na kusimamisha magoli yasiyoliwa na mchwa, na kuwavika wale vijana viatu. Na iwekwe daftari ya mapato na matumizi, isomwe mbele ya watu kila baada ya miezi mitatu, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Kijiji kikisha kuonyesha kwamba chaweza kutunza fedha kidogo, kitazungumza na tajiri kama mtu na mwenziwe, si kama mwombaji na bwana wake.

Twawajua watu watakaosema kwamba shilingi 2,000 ni nyingi. Hao hao, timu yao ya Dar es Salaam ikicheza, hulipa zaidi ya hizo katika kibanda cha kuonyesha picha. Hatuwalaumu, kwani nasi hukaa katika vibanda hivyo. Twasema tu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Asiyetaka kulipa ada, wala kuja mkutanoni, wala kusoma daftari, asishangae siku moja akikuta lango limefungwa na ufunguo uko mji mwingine.

Basi, ndugu zetu, popote mlipo na mna kiwanja, kiwe cha nyasi au cha vumbi, msingoje mpaka aje mtu na karatasi. Kaeni sasa, mkiwa hamjagombana, mwandike kiwanja ni cha nani, nani atakitunza, na kwa fedha gani. Kisha akija mwenye mali kwa nia njema, mkaribisheni kwa mikono miwili na kiti kizuri, lakini ufunguo wa lango uwe kwenu.